Shahada ya Uhasibu na Fedha: kwa nini majina mawili?

Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakishatoka na watoto wakaanza kuchagua kozi, wazazi wengi hapa Nairobi huuliza: hii "Uhasibu na Fedha" si hesabu za pesa tu? Mbona ipewe majina mawili?

Majina ni mawili kwa sababu kazi ni mbili. Uhasibu ni kuandika kilichokwisha kutendeka: nani amelipwa, nani anadaiwa, mali iliyopo ina thamani gani, faida imekuwa kiasi gani. Kanuni ya kuandika kila muamala mara mbili, debiti na krediti, ilielezwa kitabuni na Mwitaliano Luca Pacioli mwaka 1494, na hadi leo mwanafunzi huanza nayo. Fedha, kama somo, hushughulika na pesa ambazo bado hazijaingia wala kutoka: tukope au tuuze hisa, tununue sasa au tungoje.

Chukua mfano. Tuseme fundi wa masanduku ya bati pale Kamukunji ananunua mashine ya kukunjia bati kwa shilingi 120,000. Itafanya kazi miaka 5, kisha iuzwe kama chuma chakavu kisicho na bei ya maana. Kila mwaka inamwingizia 30,000 baada ya kutoa gharama nyingine zote. Mhasibu anaigawa bei ya mashine kwa miaka 5, anaandika uchakavu wa 24,000 kwa mwaka, na kinachobaki ni faida ya 6,000 kabla ya kodi. Vitabu viko sawa, hakuna aliyekosea.

Mtu wa fedha anazitazama namba hizohizo na kuuliza: pesa hizi zingekuwa wapi kama zisingeingia kwenye mashine? Ikiwa fundi angeweza kuziweka mahali zikazaa asilimia 10 kwa mwaka, basi 30,000 atakayoipata baada ya mwaka mmoja ni sawa na takriban 27,270 mkononi leo, na ile ya mwaka wa 5 ni kama 18,630 tu. Jumlisha miaka yote mitano, unapata karibu 113,700. Naye ametoa 120,000. Mashine iliyoonyesha faida vitabuni kila mwaka ilikuwa inamrudisha nyuma. Kwangu mimi, hesabu hii moja inatosha kueleza kwa nini masomo haya yafundishwe pamoja. Na huyo mtu wa fedha asijione bora: ile 30,000 angeijua vipi kama hakuna aliyeweka leja vizuri?

Chuoni, mara nyingi mambo haya hukaa ndani ya Shahada ya Biashara, ile tunayoiita BCom. Mwanzoni wote husoma uchumi, takwimu na sheria ya biashara. Baadaye ndipo huja ukaguzi wa hesabu, kodi na hesabu za gharama upande mmoja; hisa, hatifungani (hati za mikopo ya serikali au kampuni) na masoko ya mitaji upande wa pili.

Jambo ambalo familia nyingi hulijua kwa kuchelewa ni hili: shahada peke yake haikufanyi mhasibu aliyesajiliwa. Kuna mitihani ya CPA, ile ya taaluma ya uhasibu, inayotolewa na KASNEB, bodi ya mitihani iliyoanzishwa mwaka 1969, na baada ya hapo usajili katika ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya. Wachambuzi wa uwekezaji nao wana taasisi yao, ICIFA, chini ya sheria ya mwaka 2015. Ndiyo maana utawaona wanafunzi wengi wakitoka darasani mchana na kuingia masomo ya CPA jioni mjini. Aliyehitimu shahada inayohusiana anaweza kusamehewa baadhi ya karatasi, kwa hiyo kijana aulize KASNEB ni zipi kabla hajalipia darasa hata moja.