Mashoto na bunduki: ya kijiweni na ya kweli

Kijiweni kwetu Ilala, wakati wa kahawa ya jioni, mtu aligundua kwamba mlinzi wa ghala la jirani huandika daftari la wageni kwa mkono wa kushoto. Basi ikawa vicheko. "Mashoto ana shabaha gani huyo?" Mimi mwenyewe ni mashoto, nikashindwa kunyamaza.

Shabaha ni jicho kabla ya mkono. Kila mmoja ana jicho linalotawala, na si lazima lifuate mkono. Kutanisha viganja uache kitundu, tazama taa ya barabarani kupitia hapo, kisha fumba jicho moja moja. Likibaki wazi jicho ambalo taa haihami, ndilo hilo. Tukajaribu sote. Dereva wa bajaji, wa kulia kwa kila kitu, akakuta lake ni la kushoto! Huyo ndiye mwenye kazi.

"Si unaihamishia bunduki tu bega la pili?" Hapo ndipo penye balaa. Bunduki nyingi hutupa maganda kulia, kwa hiyo ukiegemeza kitako bega la kushoto, ganda la moto linapita mbele ya uso wako. L85, bunduki ya jeshi la Waingereza iliyoingia kazini 1985, haifyatuliwi kabisa kushoto, maana mkono wa chuma wa kukokia hurudi nyuma kwa kila risasi, pale pale lilipo shavu. Waaustria waliliwaza hilo mapema: kwenye bunduki yao ya Steyr AUG unabadilisha bolti, yaani chuma kinachofunga nyuma ya risasi, unaziba tundu la upande mmoja na kufungua la pili.

Mwingine akasema fundi wa kuchomelea wa Gerezani angeuhamisha mkono wa bolti, ule unaovutwa kwa mkono kila risasi, kwa nusu saa. Thubutu! Chuma kinachozuia mlipuko kimechongwa na kukomazwa kiwandani. Ukikipiga moto, unakilegeza karibu na uso wako. Bunduki ya bolti ya mashoto huundwa hivyo tangu mwanzo. Kinachorekebishika kwa urahisi ni kitako: urefu wake, pa kulaza shavu, na mpindo, kwani vingi hupindishwa kidogo kumfuata mtu wa kulia.

Wala si lazima kununua maalumu. Shotgun ya Ithaca 37 hudondosha maganda chini, na sefti (kizuizi cha kufyatua) ya shotgun ya Mossberg 500 iko juu, katikati.

Nikirudi nyumbani nilichungulia ya mlinzi. Mitutu miwili, ya kukunja katikati. Maganda hayamrukii mtu.