Sitreti na maji yake ya kujificha

Juzi kijana wa fildi, mwanafunzi wa mazoezi hapa maabara, kaniuliza, "Dada, hii sodiamu sitreti si ndo ndimu tu hii?" Nkacheka, lakini hakukosea sana. Ule ukali wa ndimu unaokamuliwa kwenye urojo ni asidi ya sitriki, mkemia Scheele aliitoa kwenye maji ya limau mwaka 1784, na ukiiua ukali wake kwa besi ya sodiamu unabaki na chembe nyeupe zenye chumvichumvi, basi ndo hiyo trisodiamu sitreti. (Msionje ya maabara tafadhali, nawajua nyie.)

Kwenye bafa, yaani maji yanayozuia pH (kipimo cha ukali wa asidi) isiyumbe, uzuri wake ni kwamba ile asidi ina haidrojeni tatu za kuachia na haziachii kwa mpigo, inaachia moja karibu na pH 3.1, ya pili 4.8, ya tatu 6.4, kwa hiyo ukichanganya asidi na chumvi yake unapata kitu kinachoshikilia pH kuanzia 3 mpaka 6 na ushei. Ukitia tindikali kidogo sitreti inaidaka, ukitia besi ile asidi inaidaka. Juu ya 7 usijisumbue nayo, tafuta fosfeti.

Na ina tabia nyengine, inang'ang'ania kalsiamu. Damu bila kalsiamu haigandi, ndo maana vile vichupa vya kutolea damu vya kofia ya buluu vina sitreti ya asilimia 3.2, sehemu moja kwa tisa za damu.

Sasa hapo kwenye 3.2 ndo palipontia adabu mie. Masika, Chake, vichupa vya kiwandani vimetuishia na boti haijaleta kitu, nkasema ntatengeneza mwenyewe, tabu iko wapi, gramu 32 kwa lita moja. Nkapima, nkakoroga, nkajisifu. Vipimo vya kuganda vikaanza kuvuta, watu wazima wa afya zao damu inachelewa, nkalaumu mashine, nkalaumu kemikali za kipimo, mpaka nkajitoa damu mwenyewe na mie nkachelewa vilevile! Jioni ndo nkaigeuza chupa nkasoma maandishi madogo: haina maji.

Sitreti iliyozoeleka kila molekuli imebeba maji mawili ndani ya chembe yake, huyaoni wala ukiishika hailoweshi mkono, lakini kwenye mizani yamo. Yenye maji ni gramu 294.10 kwa mola (mola ni hesabu ya molekuli, kama dazeni ilivyo kwa mayai), kavu ni 258.07. Ile 3.2 imehesabiwa kwa yenye maji, inatoa mola 0.109 kwa lita. Mie kwa kavu nlifika 0.124, yaani karibu ya ile sitreti ya asilimia 3.8 iliyotumika zamani, sitreti imezidi basi kalsiamu inayotiwa wakati wa kipimo nyengine inaliwa na kuganda kunachelewa. Nlitakiwa nipime gramu 28.1 tu. Kwa macho chupa mbili hizo huzitofautishi hata kwa dawa.

Ile ya kavu nimeiandika KAVU kwa makapeni ubavuni, herufi kubwa. Kijana wangu nikampa kazi atengeneze lita moja ya bafa ya pH 6, milimola 10, ile tunayochemshia tishu kabla ya kuzipaka antibodi. Kaenda kabatini, karudi na chupa ya KAVU mkononi, kwenye karatasi kaandika gramu 2.94.

Nkamwambia igeuze chupa hiyo, baba, uisome tena.