Je, wajua kasa hujuaje kwamba msimu wa safari umefika?

Mbalamwezi ikiwaka, mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma hupoa. Taa za kuvutia dagaa hazifui dafu mbele ya mwezi mpevu, basi wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu na kubishana. Juzi ubishi ulihusu kasa, kobe wa baharini ambaye ziwani hatunaye. Kijana aliyewahi kuishi Mafia alikuwa akisimulia majike wanavyojikokota mchangani usiku kwenda kutaga. Mzee mmoja akamkatiza: "Sisi tunaambiwa na mwezi. Yeye anaambiwa na nani?"

Jibu linaanzia tumboni. Jike hatagi kila mwaka. Wengi hukaa miaka 2 hadi 4 malishoni wakijaza mafuta, maana msimu wa kutaga ukifika hula kidogo sana au hawali kabisa. Ambaye hajanenepa, msimu humpita hivihivi.

Aliyenenepa ndiye anayesikiliza maji. Mwili wa kasa hufuata joto la bahari: maji yakipoa anazubaa, na yakishuka chini ya nyuzi 10 anaweza kufa ganzi akaelea kama gogo. Ndiyo maana kwenye nchi zenye baridi kali huhama mapema. Kule Florida, Marekani, bahari ikiwahi kupata joto, kasa nao huwahi kutaga. Hili mzee alilikubali upesi, kwani hata hapa kusi ikivuma katikati ya mwaka, maji ya juu ya ziwa hupoa, na kule upande wa kusini ya chini hupanda na rutuba yake.

Ila kujua lini si kujua wapi, na hapa ndipo mimi huchoka kabisa. Kuna kasa wanaotoka pwani ya Brazil hadi kisiwa cha Ascension katikati ya Atlantiki, zaidi ya kilomita 2,000 za maji matupu, na kisiwa chenyewe upana wake haufiki kilomita 15! Dira yao ni sumaku ya dunia, ambayo nguvu na mwinamo wake (pembe inayoingilia ardhini) hutofautiana pwani hadi pwani. Mtafiti Kenneth Lohmann aliweka vitoto vya kasa kwenye tangi lililozungushiwa nyaya za umeme. Alipobadili sumaku, navyo viligeuza njia.

Mzee alikata uzi kwa meno, akautazama mwezi. "Kumbe mwenzetu husafiri akishashiba," akasema. "Sisi huenda kwa sababu ya njaa."