Vijana hawachukii michezo

Nafundisha michezo sekondari, na kauli ya kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu siikubali. Wasichana wanaolalamika tumbo kipindi changu kikifika ndio haohao wanaocheza rede wakati wa mapumziko, wakikwepa mpira na kujaza mchanga chupani hadi sare zinalowa jasho. Kucheza wanapenda. Tatizo ni namna tunavyowachezesha.

Chukua adhabu zetu. Mwanafunzi akichelewa, anarushwa kichura. Akipiga kelele darasani, anazungushwa uwanja. Kisha anakuja mwalimu wa michezo na filimbi yake, anaagiza kichura kilekile, uwanja uleule, na anategemea furaha! Mtoto aliyezoeshwa tangu shule ya msingi kwamba kukimbia ni malipo ya kosa ataipendaje riadha? Hili linaniuma kuliko mengine yote, maana linaweza kukomeshwa kesho bila kununua hata mpira mmoja.

Halafu kuna umri wenyewe. Kwa kawaida wasichana hurefuka kwa kasi zaidi wakiwa na miaka 12 hivi, wavulana 14. Ndiyo maana kidato cha pili utamkuta mvulana aliyeota ndevu kando ya mwenzake ambaye sauti haijavunjika, nasi tunawashindanisha mbele ya darasa zima. Anayeburuza mkia kila wiki lazima atatafuta kisingizio. Msichana anabeba zaidi: sketi inayopeperuka, hofu ya hedhi kuchafua nguo, wavulana wanaomkodolea macho. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2016 zilionyesha kuwa duniani, wasichana asilimia 85 wa miaka 11 hadi 17 hawakufikia dakika 60 za mazoezi kwa siku. Wavulana ni 78. Na UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, ikikaribia, mipira huenda kwa wachezaji wa timu, wengine wakabaki kivulini.

Kwangu kila mwanafunzi anaandika muda wake wa mbio katika daftari lake, na anaulinganisha na wake wa mwezi uliopita, si wa jirani. Wasichana wanavaa suruali za michezo. Rede ni somo kamili: ina kukimbia, kukwepa, kulenga na kushirikiana. Na mwalimu wa nidhamu nimemwomba adhabu zake zisiguse uwanja wala mazoezi ya viungo.