Ukimfungia Mtoto Chakula cha Shule, Fikiria Saa Atakayokila

Wazazi wanaokuja kwetu, wataalamu wa lishe, kuulizia chakula cha shule huanza na swali la nini cha kuweka. Mimi huanza na swali jingine: mtoto atakifungua saa ngapi? Chakula kilichopikwa saa kumi na mbili asubuhi na kuliwa saa saba mchana kimeshakaa saa 7 ndani ya begi. Vijidudu huzaliana kwa kasi kwenye nyuzijoto 5 hadi 60 za Selsiasi. Ndiyo maana chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa katika joto hilo zaidi ya saa 2, na siku ambayo joto limezidi nyuzi 32, isizidi saa 1.

Wali unanitia wasiwasi kuliko watu wengi wanavyodhani. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye spora zake, yaani vimbegu vyake vyenye ganda gumu, hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa mezani usiku kucha, spora hizo huchipua, bakteria huongezeka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto mpaka utoe mvuke. Mtoto anaweza kuanza kutapika muda mfupi baada ya kula. Kiporo kilichopozwa haraka na kuingizwa kwenye friji mara moja hakina shida. Kilicholala mezani kitupwe, hata kama hakinuki.

Kwa hiyo chakula kisafiri kikiwa cha moto kabisa au cha baridi kabisa. Uvuguvugu ndio hatari. Kama una chupa ya kutunza joto, ijaze maji yanayochemka kwa dakika 10, yamwage, kisha tia chakula kikiwa bado kinatoka motoni. Kwa chakula cha baridi, gandisha maji usiku kwenye chupa ndogo na uibananishe na chombo. Mchana yatakuwa maji ya kunywa. Usipokuwa na vifaa hivyo, mpe mkate, yai lililochemshwa asubuhi hiyo na kuachwa na ganda lake kwa ajili ya mapumziko ya mapema, na tunda lisilomenywa.

Sasa tuje kwenye vilivyomo. Weka chakula cha wanga, cha protini, mboga na tunda. Shirika la Afya Duniani linashauri mboga na matunda angalau gramu 250 kwa siku kwa mtoto wa miaka 2 hadi 5, 350 kwa wa miaka 6 hadi 9, na 400 kuanzia miaka 10. Mlo wa jioni peke yake haufikishi kiasi hicho. Ukiweka maharage, ongeza chungwa: vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage, ilhali chai hufanya kinyume chake.

Kinywaji kiwe maji. Mtoto anayehitaji kilokalori 1,600 kwa siku hatakiwi kuzidisha gramu 40 za sukari ya kuongezwa, na kopo moja la soda la mililita 330 lina takriban 35. Sukari ya juisi, hata ya matunda matupu, nayo inahesabika humo ingawa haikuongezwa.

Chakula kikirudi, usimkaripie. Muulize. Mara nyingi mfuniko ulimshinda, au muda wa kula uliisha akihangaika na ganda la chungwa. Mfanyishe mazoezi ya kufungua chombo nyumbani. Kwa walio chini ya miaka 5, zabibu zikatwe kwa urefu vipande vinne na karanga nzima zisiwekwe kabisa, kwa kuwa huweza kumkaba mtoto.

Mabaki yanayorudi jioni yatupwe, yasihifadhiwe kwa mlo wa usiku. Chombo kioshwe siku hiyohiyo kwa sabuni, na mpira wa mfuniko uvuliwe kwanza, maana masalio ya chakula hujificha chini yake.