Nyimbo za kuazima, uwanja wa wenyewe: dhana potofu kuhusu ushabiki wa nchi za Nordiki, kaskazini ya Ulaya

Mashabiki wa Iceland waliponyanyua mikono juu ya vichwa vyao kwenye viwanja vya Ufaransa katika mashindano ya kandanda ya mataifa ya Ulaya mwaka 2016, wakapiga kofi moja kwa pamoja, wakaguna "Huh!", wakanyamaza, kisha wakarudia na kurudia huku wakizidisha kasi, watu wengi duniani waliamini kwamba wanatazama mila ya kale ya mabaharia wa Kiviking. Watangazaji walieleza hivyo, na mpaka leo ukiuliza mtu wa kijiweni makofi yale yanaitwaje, atakujibu bila kusita kuwa ni makofi ya Waviking.

Habari yenyewe ni ya juzi tu. Mwezi Julai 2014, klabu ya Stjarnan, kutoka mji mdogo wa Garðabær ulio jirani na Reykjavík, ilipangwa kucheza na Motherwell ya Uskoti katika hatua ya mchujo ya Ligi ya Europa. Mechi ya kwanza ilikwisha kwa sare ya 2-2 huko Uskoti, na katika marudiano Stjarnan ikashinda 3-2 baada ya muda wa nyongeza. Pamoja na ushindi huo, mashabiki wake waliondoka na kitu cha wapinzani wao, yaani kofi hilo, wakalifanya lao. Kutoka kwao likafika kwenye timu ya taifa, ambako liliendeshwa na kundi la mashabiki liitwalo Tólfan, jina lenye maana ya "kumi na mbili", kwa kuwa shabiki hujihesabu kuwa mchezaji wa kumi na mbili. Nao Waskoti hawadaiwi na wote kuwa ndio chimbuko, maana wapo wanaolifuatilia kofi hilo hadi kwenye majukwaa ya Lens, Ufaransa. Kama hao wako sahihi, basi watu wa Iceland walikuwa wakiwarudishia Wafaransa mali yao wenyewe, na Wafaransa wakaishangaa.

Mashindano hayohayo yaliacha dhana nyingine iliyosambaa sana, kwamba asilimia 99.8 ya watu wa Iceland waliitazama timu yao ikiifunga Uingereza 2-1 mjini Nice. Takwimu hiyo haikuhesabu wananchi wote, ambao wakati huo walikuwa kiasi cha watu 330,000. Ilihesabu waliokuwa wamewasha televisheni saa hiyo, na kati yao karibu wote walikuwa kwenye mechi. Ni jambo kubwa hata hivyo, ila si sawa na kusema kwamba kila mtoto mchanga na kila mvuvi aliyekuwa baharini alikuwa mbele ya luninga.

Wimbo ambao mashabiki hao huuimba kwa hisia nzito zaidi kuliko kofi lolote unaitwa "Ég er kominn heim", yaani "Nimerudi nyumbani". Mgeni akiusikia ukiimbwa na uwanja mzima, huapa kwamba ni wimbo wa jadi uliozaliwa kwenye theluji na milima ya volkano. Sauti yake ilitungwa na Emmerich Kálmán, mzaliwa wa Hungaria, kwa ajili ya tamthilia ya muziki iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Vienna mwaka 1930, na maneno ya Kiiceland yalikuja baadaye kwa mkono wa Jón Sigurðsson, kisha Óðinn Valdimarsson akaurekodi mwaka 1960. Wahenga wetu walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Katika majukwaa ya kaskazini ya Ulaya, methali hiyo inapwaya, kwa sababu huko nguo za kuazima ndizo zinazovaliwa siku ya sikukuu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka kwenye hoki ya barafuni, mchezo ambao kwa Wafini una uzito ambao sisi tunaupa kandanda. Mwaka 1995 Uswidi ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia, na Waswidi, wakiwa na matumaini makubwa ya kutwaa dhahabu nyumbani, waliandaliwa wimbo wa kushangilia ulioimbwa na Nick Borgen, "Den glider in". Maana ya maneno hayo ni "kinateleza ndani", na kinachoteleza ni kile kisahani cheusi cha mpira ambacho wachezaji hukipiga kwa magongo yao. Tarehe 7 Mei, katika ukumbi wa Globen mjini Stockholm, Uswidi ilikutana na Ufini kwenye fainali. Ville Peltonen wa Ufini alifunga mara tatu katika kipindi cha kwanza peke yake, nahodha Timo Jutila akaongeza la nne, na mchezo ukaisha 4-1. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Ufini katika mashindano ya dunia, na kocha aliyewapeleka huko, Curt Lindström, alikuwa Mswidi.

Wafini hawakuridhika na kombe pekee. Waliuchukua na wimbo. Kisahani kilikuwa kweli kimeteleza ndani, ila ndani ya goli la Waswidi, na tangu hapo Wafini huuimba wimbo huo kwa Kiswidi chake kilekile kila wanapotaka kukumbuka siku ile au kumchokoza jirani. Anayedhani kwamba wimbo wa mashabiki ni lazima uwe na lugha ya wenyewe, mtunzi wa kwao na nia njema ya aliyeutunga, na autafakari huu. Watani wa jadi wa Kariakoo wanalielewa jambo hili bila kufafanuliwa: hakuna dhihaka inayouma kama ile inayotumia maneno ya mwenye nyumba.

Ushindi ule ulisherehekewa Helsinki, na Wafini wana msemo wao wa siku kama hizo, "torilla tavataan", maana yake "tukutane sokoni". Soko linalokusudiwa ni uwanja wa soko ulio kando ya bandari, hatua chache kutoka sanamu ya Havis Amanda, ambayo mashabiki wameizoea kiasi cha kuipanda na kuingia kwenye chemchemi yake. Mwezi Mei 2006, uwanja huohuo ulifurika makumi ya maelfu ya watu, safari hii bila mchezo wowote. Walikuja kuwapokea Lordi, bendi ya roki nzito yenye kuvaa sura za mazimwi, iliyokuwa imeshinda shindano la nyimbo la Eurovision mjini Athens. Wafini hawakuona haja ya kubuni namna mpya ya kushangilia muziki, wakatumia ileile ya hoki. Mpaka kati ya shabiki wa muziki na shabiki wa michezo, ambao wengi huudhania kuwapo, huko ni mwembamba sana.

Kutokana na Lordi, na kutokana na sifa mbaya ya baadhi ya wanamuziki wa Norwe waliohusika na kuchomwa kwa makanisa mwanzoni mwa miaka ya 1990, imejengeka picha kwamba watu wa Nordiki husikiliza roki nzito ya metali tu na kwamba muziki wao wote una giza. Seinäjoki, mji wa Ufini, umekuwa na tamasha la dansi ya tango tangu mwaka 1985, na Wafini huicheza tango kana kwamba ilizaliwa kwao, ingawa ilitoka Argentina. Norwe nayo, mwaka 2011, ilipelekwa kwenye Eurovision mjini Düsseldorf na Stella Mwangi, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Norwe, kwa wimbo "Haba Haba", ambao kiitikio chake ni methali yetu iliyosemwa kwa Kiswahili mbele ya Ulaya nzima. Haukuvuka nusu fainali. Nchini Norwe kwenyewe ulishika namba moja, na watu wasiojua neno jingine lolote la Kiswahili walijua kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Kuhusu ABBA nitasema machache, kwa sababu dhana iliyopo ni nyepesi kuiondoa. Wengi hudhani kwamba Waswidi waliwabeba mabegani tangu waliposhinda Eurovision mwaka 1974. Sehemu kubwa ya wanamuziki na vijana wa mrengo wa kushoto waliwaona kuwa biashara tupu isiyo na ujumbe, na Stockholm ilipoandaa shindano hilo mwaka 1975, wapinzani hao waliandaa tamasha lao la upande wa pili. Mwaka uliofuata Uswidi haikushiriki kabisa.

Turudi uwanjani, kwenye dhana kwamba watu wa kaskazini ni wapole na wakimya, hukaa wametulia kama baridi yao. Zamani ilikuwa na ukweli kiasi fulani kwenye kandanda. Kilichobadilisha ni televisheni. Jumamosi ya tarehe 29 Novemba 1969, televisheni za Nordiki zilianza kuonyesha moja kwa moja mechi za Uingereza, na ya kwanza ilikuwa Wolverhampton dhidi ya Sunderland, iliyoisha 1-0. Sababu yake ilikuwa rahisi: ligi za huko huchezwa kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli, viwanja vikalala chini ya theluji wakati wa baridi, na watu walikuwa na mikeka ya kubashiri matokeo lakini hawana mechi ya kutazama. Kizazi kizima kikakulia mbele ya majukwaa ya Waingereza waliosimama na kuimba, na matokeo yake yapo hadi sasa. Kuanzia mwaka 1970 mashabiki wa Hammarby wa Stockholm walianza kuimba kwa mtindo huo, na wengine wakafuata. Makumi ya maelfu ya Wanorwe ni wanachama waliolipa ada wa tawi la Liverpool nchini mwao.

Leo, kabla ya mechi ya Hammarby kuanza, kwenye uwanja unaoingiza watu kiasi cha 30,000, skafu za kijani na nyeupe hunyooshwa kwa mikono miwili kutoka jukwaa hadi jukwaa, na watu huimba "Just idag är jag stark", yaani "Leo hii hasa nina nguvu". Si wimbo uliotungwa kwa ajili ya klabu. Ni wa Kenta Gustafsson, shabiki wa Hammarby ambaye Waswidi walimfahamu kupitia filamu ya kweli kuhusu vijana wa mitaani, na aliurekodi mwaka 1979 kama neno la mtu ambaye amekuwa chini na siku moja ameamka akiwa mzima. Klabu yenyewe imetwaa ubingwa wa Uswidi mara moja tu kwa upande wa wanaume, mwaka 2001. Ukijua hilo, neno "leo hii" ndani ya wimbo linaeleweka vizuri zaidi, maana halitoi ahadi yoyote kuhusu kesho.

Upole huo wa kudhaniwa una sura nyingine, ile ya mashabiki wa Denmark waitwao "roligan", neno lililochanganywa kutokana na neno la Kidenishi lenye maana ya utulivu na neno la Kiingereza la wahuni wa viwanjani. Sifa hiyo waliipata kwa haki miaka ya 1980. Lakini tarehe 2 Juni 2007 mjini Copenhagen, Denmark ikiwa 3-3 na Uswidi, mwamuzi alitoa penalti na kadi nyekundu dakika za mwisho, mtazamaji mmoja akaingia uwanjani kumvamia, na Uswidi ikapewa ushindi wa mezani wa 3-0. Mwezi Machi 2014, siku ya ufunguzi wa ligi ya Uswidi, shabiki wa Djurgården alipoteza maisha baada ya kushambuliwa mjini Helsingborg, na mechi ikavunjika. Utulivu si damu ya mtu, na wenyewe wanalijua hilo.

Ikiwa karibu kila kitu kimeazimwa, kipi ni chao? Wengi hujibu kwamba ni fedha, kwa kuwa nchi hizo ni tajiri, na hivyo hudhania klabu zao zina matajiri wanaozimiliki. Huenda hii ndiyo dhana iliyo mbali zaidi na ukweli. Kwa kanuni za michezo za Uswidi, kampuni inaweza kuendesha timu, ila chama cha wanachama lazima kibaki na zaidi ya nusu ya kura. Msomaji wa Tanzania aliyefuatilia mjadala wa mabadiliko ya Simba na Yanga anaifahamu hesabu hiyo ya 51 kwa 49. Huko ina meno. Mwanachama anayelipa ada yake hukaa kwenye mkutano mkuu wa mwaka, hunyoosha mkono, na mkono wake huhesabiwa. Kwa njia hiyo, mkutano mmoja baada ya mwingine, mashabiki wa Uswidi waliziagiza klabu zao kuikataa VAR, yaani teknolojia ya video ya kumsaidia mwamuzi, na mwaka 2024 shirikisho likatangaza kwamba haitaletwa.

Norwe iliileta mwaka 2023. Mwezi Julai 2024, mjini Trondheim, mechi ya Rosenborg na Lillestrøm ilisimama mara kadhaa kwa sababu mashabiki walikuwa wakirusha mipira ya tenisi na keki za samaki, hizo hizo zinazoliwa majumbani na viazi, hadi mwamuzi akaivunja. Januari 2025 klabu za ligi mbili za juu zilipiga kura 19 kwa 13 kupendekeza VAR iondolewe. Machi, mkutano mkuu wa shirikisho, ambako na klabu ndogo za mitaani zina sauti, ukaamua kwa kura 321 kwa 129 ibaki. Kwa hiyo Trondheim mfungaji anaposhangilia, jukwaa hushangilia nusu na kusubiri. Ng'ambo ya mpaka, Stockholm, mwamuzi akishaonyesha kidole katikati ya uwanja, goli ni goli, na wimbo unaanza.