Karatasi ya mwenzi: jinsi kituo cha afya kinavyotibu magonjwa ya zinaa Lubumbashi

Mgonjwa wa zinaa huku kwetu hasemi anaumwa nini. Anafika kituoni mapema, anakaa mwisho wa benchi, anawapisha mama wote wenye watoto, na zamu yake ikifika anasema ana malaria. Ukimuuliza homa ilianza lini, anababaika. Mimi, muuguzi wake, huinuka nikafunga mlango. "Papa, hapa tuko wawili tu. Ukikojoa, panauma?" Malaria inaishia hapo.

Miaka yote niliyofanya kazi hii nimekuta watu wanaoamini kwamba magonjwa haya ni lazima uende hospitali kubwa yenye maabara. Siyo hivyo. Katika zoni za afya za mji huu, kama Kenya, Katuba, Kisanga na Ruashi, muuguzi wa kituo cha kartye (mtaa) anakutibu siku ile ile kwa kufuata dalili. Mwanaume anayetokwa usaha tunamtibu kisonono na klamidia kwa pamoja, maana mara nyingi vinaandamana na jicho haliwezi kuvitenganisha: sindano moja ya seftriaksoni, kisha doksisiklini asubuhi na jioni kwa siku 7, au dawa nyingine inayofanana nayo. Mwenye kidonda tunamtibu kaswende, na tukiona malengelenge tunaongeza dawa yake. Kipimo cha virusi vya UKIMWI kwa kawaida hakilipiwi. Dawa nyingine zinaweza kulipiwa kulingana na kituo, kwa hiyo uliza bei kabla ya kuanza. Kuuliza si aibu.

Kwa mama, utaratibu huu wa dalili una udhaifu wake, na afadhali niuseme mimi kuliko uusikie sokoni. Uchafu ukeni, hasa ule wa kuwasha na mweupe kama maziwa yaliyoganda, au ule wenye harufu ya samaki, mara nyingi haukuletwa na mwanaume yeyote. Ule wa kwanza ni fangasi. Wa pili ni vijidudu vya kawaida vya uke vilivyopoteza mizani, na kujiosha ndani kwa sabuni, chumvi au majani kunachangia sana. Nimeona ndoa zikitikisika kwa ajili ya fangasi. Upande wa pili, wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawaoni dalili hata moja, mpaka siku maumivu ya chini ya kitovu yanapoanza, au wanapotafuta mtoto wasimpate. Kwa hiyo uchafu si ushahidi wa uzinzi, na kukosa uchafu si cheti cha afya.

Sasa tuje kwenye kapsuli za rangi mbili, zile antibiotiki za mtaani. Unauziwa nne kando ya barabara, zimefungwa kwenye kipande cha gazeti, muuzaji anakuambia umeze mbili usiku na mbili asubuhi. Usaha unapungua, unashukuru Mungu, kumbe ugonjwa umebaki ndani. Kisonono ni mwanafunzi mzuri mno: kilishajifunza kuishi na penisilini, kikajifunza tetrasaiklini, kikajifunza siprofloksasini. Kila dozi nusu ni somo jingine tunalokipa bure. Ndiyo maana siku hizi tunakimbilia sindano.

Kaswende nayo ina ujanja wake. Kidonda chake hakiumi. Kinatokea kama wiki tatu baada ya kuambukizwa, kwa wengine siku 10 tu, kwa wengine hata siku 90, na kwa mwanamke kinaweza kukaa ndani mahali asipopaona. Kisha kinapona chenyewe, hata usipokunywa kitu. Mganga wa mizizi aliyekuhudumia wiki hiyo ndiye anayebeba sifa. Baadaye vinakuja vipele, mara nyingi hadi kwenye viganja na nyayo, navyo vinaondoka. Ugonjwa umelala damuni, na miaka ikipita unaweza kuamkia moyoni au kwenye ubongo.

Dawa yake ni ya zamani na bado inafanya kazi: benzathini penisilini, uniti milioni 2.4. Ni nyeupe na nzito kama maziwa, tunaitikisa sana kabla ya kuivuta, la sivyo inaziba sindano. Kwa kuwa ni nyingi, tunaigawa matako yote mawili. Inauma, sitakudanganya. Ugonjwa ukiwa mpya, siku moja inatosha. Ukiwa wa muda mrefu, au hujui ulianza lini, unarudi mara tatu, wiki kwa wiki. Usiku wa kwanza unaweza kupata homa, baridi na kichwa kuuma. Ni mwili unaopokea vifo vya vijidudu vingi kwa mara moja, na kwa kawaida inapita ndani ya siku moja. Wengi hudhani dawa imewakataa, wiki ya pili hawarudi. Lakini kama umewahi kuvimba uso au kubanwa pumzi baada ya penisilini, sema kabla hatujafungua chupa, iko dawa nyingine. Mjamzito peke yake ndiye asiyekuwa na mbadala wa kuaminika, kwa sababu penisilini ndiyo inayomfikia na mtoto tumboni. Mama asiyetibiwa anaweza kupoteza mimba, kuzaa mtoto mfu au mtoto aliyezaliwa na kaswende. Kwa hiyo mama, nenda CPN (kliniki ya wajawazito) mapema, usingoje tumbo lionekane. Tone moja la damu ya kidole linapimwa virusi vya UKIMWI na kaswende kwa pamoja, jibu unalipata kabla hujamaliza kupiga stori na jirani yako kwenye benchi. Jambo moja tu: kipimo hicho cha haraka kinaweza kuendelea kusema "ndiyo" maisha yote hata kwa mtu aliyepona, kwa hiyo tunza fishi (kadi) yako ya matibabu.

Mpaka hapa nimemtibu mtu mmoja. Kazi yenyewe iko kwa yule ambaye hajaja.

Kila mgonjwa ninampa karatasi ndogo, moja kwa kila mtu aliyelala naye miezi miwili mitatu iliyopita. Ina namba, alama ya siri na saa za kituo. Haina jina la ugonjwa wala la mgonjwa. Mwenzi akifika popote penye utaratibu huu na karatasi ile, muuguzi anasoma alama na kumtibu, hata kama hana dalili. Nilipoanza kazi, kwenye kituo ambacho sitakitaja, tuliandika jina la ugonjwa kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa, tukiona tunafanya kazi safi. Mama mmoja alipeleka karatasi yake nyumbani, ikasomwa na shemeji kabla ya bwana. Hakurudi tena kituoni, na habari nyingine nilizipata kwa majirani. Tangu hapo ninatumia alama tu.

Mji huu ni wa barabara. Kasumbalesa iko kilomita zinazokaribia 90 kutoka hapa, na malori ya shaba hukaa foleni mpakani siku baada ya siku kabla ya kuelekea Zambia na bandari za mbali. Dereva ana bibi (mke) huko Katuba, na pengine ana mtu mpakani. Ukimtibu bibi peke yake, umemwandalia ugonjwa wa safari ijayo. Tunawaambia wote wawili waache kulala pamoja kwa siku 7 na mpaka wote wawe wametibiwa. Asiyeweza kumwambia mwenzake, hasa mama anayeogopa kupigwa, halazimishwi: aniambie, tutatafuta njia. Siri ya mgonjwa inalindwa na sheria ya adhabu ya Kongo, na muuguzi anayeitoa anaweza kushtakiwa.

Faida ya kazi hii ilionekana kwa jirani zetu. Kati ya 1991 na 1994, mkoani Mwanza, Tanzania, jamii 12 zilifuatiliwa, na sita kati yake vituo vyao vya kawaida viliboreshwa: wauguzi wakafundishwa, dawa zikawepo. Kwenye hizo sita maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa takriban asilimia 40, kwa sababu kidonda na usaha ni mlango ulioachwa wazi. Jaribio la Rakai, Uganda, lililogawa dawa kwa watu wote kijijini, halikupata matokeo hayo. Watafiti bado wanabishana sababu. Mimi kwa upande wangu ninaegemea kituo kilicho wazi kila siku.

Mambo mawili ya haraka. Vipele vyenye maji sehemu za siri pamoja na homa na tezi zilizovimba vinaweza kuwa mpox (ndui ya nyani), ambayo aina yake mpya iligunduliwa Kamituga, Kivu Kusini, 2023, na hupita pia kwa kujamiiana. Usipake kitu, njoo. Na aliyebakwa asioge wala asingoje asubuhi ya Jumatatu: dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inafaa ikianza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora, kisha inaendelea siku 28.

Karatasi zetu hazina tarehe ya kuisha. Nimewahi kupokea moja kutoka kwa dereva, mwezi mzima baada ya kuiandika, imekunjwa mara nne, imelowa jasho na mafuta ya gari. Alama ilikuwa bado inasomeka, tukamchoma sindano siku hiyo hiyo. Kisha nikaandika karatasi nyingine ya kumwita bibi yake upya, maana usiku aliorudi kutoka mpakani hawakungoja.